Mwalimu wa Ulaya na Mtoto wa Kiislamu: Safari ya Miji Minne

Ni nyumba chache za Mombasa, Malindi au Lamu zisizokuwa na jamaa ng'ambo. Huyu ana ndugu London, yule ana shangazi Oslo, mwingine ana mtoto wa ami Rotterdam. Simu zipigwapo jioni ya Ijumaa na wajukuu wakaonyeshwa kwa bibi zao, maswali huwa ni yale yale. Binti anaruhusiwa kujitanda shuleni? Chakula wanachopewa ni halali? Adhuhuri hupata pa kusali? Ni maswali ya haki, na mzazi asiyeyauliza ameghafilika. Hata hivyo, baada ya majuma manne katika miji minne ya Ulaya, nimerejea na swali la nne ambalo sisi huliuliza kwa nadra, nalo naona ndilo linaloamua mengi katika maisha ya mtoto: mwalimu anayesimama mbele yake anatarajia nini kutoka kwake?

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Kaka yangu anaishi Rotterdam, Uholanzi, pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Binti yao mkubwa ana umri wa miaka 11, naye yumo katika darasa la mwisho la shule ya msingi. Huko, mwezi wa Januari wa darasa hilo ndio mwezi ambao mwalimu humwandikia kila mtoto ushauri kuhusu aina ya shule ya sekondari inayomfaa, na karatasi hiyo ina uzito kuliko barua nyingi atakazoandikiwa maishani. Wifi yangu alikuwa na wasiwasi. Kaka naye alikuwa ameshaanza kufikiri kuhamia Uingereza, kama walivyofanya Wasomali wengi waliokuwa majirani zake. Akanitaka nipite Leicester kwanza, niutazame mji kwa macho yangu, kisha niwasili Rotterdam kabla ya siku ya kuonana na mwalimu.

Leicester

Leicester iko yapata kilomita 160 kaskazini mwa London, na mtu wa Pwani hajioni mgeni sana humo. Katika duka la vitambaa la mtaa wa Belgrave nilimsikia bibi wa Kihindi akimkanya mjukuu wake kwa Kiswahili asiguse bidhaa za watu. Wahindi wengi wa mji huu walitoka Afrika Mashariki, na wengi wao ni wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huohuo baraza la mji lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wasije Leicester kwa kuwa nyumba na shule zimekwisha kujaa. Walikuja vivyo hivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Waislamu walikuwa asilimia 23.5 ya wakaazi wa mji, idadi inayokaribiana na ya Wakristo.

Mwenyeji wangu katika mtaa wa Highfields ni mama wa asili ya Barawa. Alikimbia vita vya Somalia mwaka 1991, akakaa kambini Mombasa kabla ya kufika Uholanzi, na tulielewana tangu salamu ya kwanza, yeye kwa Chimwini cha kwao na mimi kwa Kimvita. Asubuhi ya kwanza alinichukua hadi lango la shule ya mjukuu wake. Wasichana walipita makundi kwa makundi, wamejitanda skafu za rangi ya sare. Mwalimu aliyesimama langoni, Mwingereza mwenye mvi, aliwasalimia kwa majina yao, naye aliyatamka sawasawa: Khadija, Sumayya, Abdirahman.

Uingereza haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu mavazi ya wanafunzi. Kila shule hujiwekea kanuni ya sare, na shule nyingi zimeikubali skafu. Chama cha wakuu wa shule kimewahi kutoa mwongozo, kwa kushauriana na maimamu, kuhusu watoto wanaofunga wakati wa mitihani. Uhuru huo, hata hivyo, una pande mbili. Kwa kuwa shule ndiyo inayoamua, yaweza pia kukataa. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama Kuu mjini London iliamua kuwa shule ya Michaela, iliyoko Brent, ilikuwa na haki ya kuzuia sala katika eneo lake. Karibu nusu ya wanafunzi wake ni Waislamu. Jambo la kutafakari ni kwamba shule hiyo hiyo ni mashuhuri kwa matokeo mema mno ya mitihani, na walimu wake hawakubali mtoto yeyote, wa dini au rangi yoyote, aambiwe kuwa hawezi. Mzazi wa Kiislamu anayeitazama shule ya namna hiyo huona mwalimu amempa mtoto kwa mkono mmoja na kumnyima kwa mkono wa pili.

Upo pia mzigo mwingine. Tangu Julai 2015 sheria inawalazimu walimu wa Uingereza kuwa macho na kutoa habari za mtoto wanayemdhania kuvutwa na fikra za misimamo mikali. Walimu wengi huitekeleza kwa busara. Lakini mama niliyekaa kwake aliniambia kuwa tangu wakati huo yeye huwafunza wajukuu wake kupima maneno darasani, hasa wanapozungumza habari za vita na za Palestina. Mtoto anayejifunza kunyamaza mbele ya mwalimu wake amepoteza sehemu ya darasa, hata kama hakuna aliyemkosea.

Nilimuuliza kwa nini aliiacha Uholanzi. Maelfu ya Wasomali walihama kutoka nchi hiyo na nchi za Skandinavia kuja Uingereza kuanzia miaka ya 2000, na Leicester ikawa mji wao mmoja mkubwa. Nilidhani atanitajia misikiti au jamaa. Akasema, "Mwanangu, baridi ni ile ile. Mimi nilikimbia karatasi ya mwalimu." Mwanawe alipotimiza miaka 12 aliandikiwa shule ya ufundi wa chini, ilhali alikuwa akisoma vitabu vya dada zake wakubwa. Alipokwenda kulalamika aliambiwa, kwa upole sana, kuwa mtoto wa mkimbizi asibebeshwe mzigo mkubwa. Walihamia Leicester, ambako mtoto hachujwi akiwa na miaka 12, bali husoma pamoja na wenziwe mpaka mitihani ya miaka 16. Kijana huyo leo ni mfamasia.

Kisha akanionya nisimdanganye kaka yangu. Wao walihama wakiwa raia wa Uholanzi wenye ruhusa ya kuishi popote katika Umoja wa Ulaya, na Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja huo. Tangu mwanzo wa mwaka 2021 njia hiyo imefungwa, na anayetoka Uholanzi leo hutafuta viza ya kazi kama mtu wa Mombasa.

Bradford

Siku mbili baadaye nilipanda gari la moshi kwenda Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, kwa kuwa nilitaka kuona pale ambapo suala hili liligombaniwa hadharani kabla ya kwingineko. Ni mji wa vilima na majengo ya mawe yaliyopigwa weusi na moshi wa karne iliyopita. Wapakistani, wengi wao kutoka Mirpur, walikuja kufanya kazi za zamu ya usiku katika viwanda hivyo. Sehemu za Mirpur zilifunikwa na maji ya bwawa la Mangla katika miaka ya 1960, na waliopoteza mashamba wakawafuata jamaa zao waliotangulia. Mwaka 2021 Waislamu walikuwa asilimia 30.5 ya wakaazi wa wilaya ya Bradford.

Mwanzoni watoto wa wahamiaji walipakiwa kwenye mabasi wakatawanywa katika shule za mbali, ili wasiwe wengi mahali pamoja. Mwendo huo uliachwa mwaka 1980. Mwaka 1983 shule za mji zikaanza kutoa nyama ya halali, na baada ya mjadala mkali baraza la mji lilipiga kura mwaka 1984 kuidumisha. Wakati huohuo mwalimu mkuu wa shule ya Drummond, Ray Honeyford, aliandika makala katika jarida la Salisbury Review. Alisema kuwa masomo ya watoto hao yanaharibika kwa sababu wazazi huwapeleka Pakistan kwa miezi katikati ya muhula, na kwamba watoto wa Kiingereza walio wachache darasani nao hupata hasara. Hoja ya safari za katikati ya muhula haikuwa ya uzushi, na wapo wazazi waliokubali hivyo. Lililowachoma ni namna alivyowaeleza wao wenyewe, nchi yao na mwenendo wao.

Wazazi waliandamana, wakawatoa watoto darasani kwa mgomo, na mwaka 1985 Mohammed Ajeeb, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika umeya wa heshima wa mji huo, akiwa mtu wa kwanza wa asili ya Pakistan kuushika, alitaka mwalimu huyo aondolewe. Honeyford alisimamishwa, mahakama ikamrejesha, na mwishoni mwa mwaka 1985 akastaafu mapema kwa kulipwa. Wapo Waingereza ambao mpaka leo humhesabu kuwa mtu aliyeonewa kwa kusema aliyoyaona. Nilipozungumza na bibi mmoja aliyekuwa na watoto katika shule za mji miaka hiyo, hakunieleza juu ya uhuru wa kusema. Alisema: "Sisi tulijiuliza jambo moja tu. Mtu anayetuona hivi sisi wazazi, atamwonaje mtoto wetu anaponyoosha mkono darasani?"

Mwaka huohuo wa 1985 ripoti ya serikali iliyoitwa Education for All ilisema kuwa kumwandaa mtoto kuishi katika nchi yenye watu wa asili nyingi ni kazi ya kila shule, si ya zile zenye wahamiaji pekee. Leo katika Bradford walimu wengi ni wajukuu wa wale waliofanya kazi viwandani usiku. Umaskini haujaondoka mitaani, wala matokeo ya mitihani si mazuri kote. Lakini mtoto wa Kiislamu wa mji huo hukua akimwona mwalimu anayefanana na mamake, na kwa hilo hahitaji kuelezwa kuwa inawezekana.

Creil

Kutoka London nilikwenda Paris, kwa mwenyeji wangu Mkomoro aliyezaliwa Ngazija na aliyekaa Mombasa utotoni. Yeye ndiye aliyenipeleka Creil, mji mdogo kando ya mto Oise, yapata kilomita 50 kaskazini mwa Paris. Mgeni haoni kitu cha ajabu: kituo kikubwa cha reli, viwanda vilivyokufa, na juu ya uwanda magorofa marefu walikokaa wafanyakazi kutoka Morocco, Algeria na Afrika Magharibi. Lakini hapa, Septemba 1989, mkuu wa shule ya Gabriel-Havez aliwafukuza wasichana watatu kwa kukataa kuvua mitandio darasani, na Ufaransa yote ikashika mjadala ambao haujamalizika.

Msimamo wa mwalimu wa Kifaransa haueleweki bila ya historia yake. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 ziliifanya shule ya msingi ya umma kuwa ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini, baada ya mapambano marefu na Kanisa Katoliki. Mwalimu wa kijiji alikuwa askari wa Jamhuri dhidi ya kasisi wa kijiji. Mwaka 1905 dini na dola zikatenganishwa. Kwa hiyo mwalimu aliyelelewa katika mapokeo hayo anapouona mtandio, aghalabu haoni binti wa miaka 13 anayemtii Mola wake. Anaona mlango ambao babu zake waliufunga kwa taabu, sasa unafunguliwa tena. Mwezi Novemba 1989, wasomi watano waliandika barua katika jarida la Le Nouvel Observateur, wakiwataka walimu wasisalimu amri. Mwezi huohuo Baraza la Dola lilitoa rai kuwa mtandio peke yake haupingani na kanuni ya shule, na kwamba kila jambo litazamwe kwa hali yake. Kwa miaka 15 mzigo wa kuamua ukabaki mabegani mwa mwalimu na mkuu wake, huyu akiruhusu na yule akikataza.

Sheria ya tarehe 15 Machi 2004 ilikata shauri: katika shule za umma, mwanafunzi haruhusiwi alama au vazi linaloonyesha wazi dini yake. Mwaka 2023 marufuku ikatiwa abaya pia, na Baraza la Dola likaipitisha mwezi Septemba. Kwa mujibu wa Waziri wa Elimu, wasichana 298 walifika shuleni na abaya siku ya kwanza ya muhula huo, na 67 kati yao walikataa kuzivua wakarudishwa nyumbani. Familia nyingine hupeleka binti zao katika shule za binafsi za Kikatoliki, ambazo sheria ya 2004 haizihusu.

Si haki kusimulia upande mmoja tu. Tarehe 16 Oktoba 2020, Samuel Paty, mwalimu wa historia katika mji wa Conflans-Sainte-Honorine, aliuawa karibu na shule yake baada ya somo la uhuru wa kusema ambamo alionyesha vikaragosi vya kumdhihaki Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Chuki dhidi yake ilienezwa kwa habari ya mwanafunzi ambaye hakuwamo darasani siku ile. Dini yetu inatuamuru tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, na damu ya mwalimu yule ni ushahidi wa hasara ya kuipuuza amri hiyo. Tangu siku hiyo, walimu wengi wa Ufaransa huingia darasani na hofu, na hofu hiyo huwaangukia watoto wasio na hatia yoyote.

Binti wa mwenyeji wangu ana miaka 16. Kila asubuhi huuvua mtandio wake hatua chache kabla ya lango na kuutia mkobani. "Nimezoea, lakini sijaridhika," aliniambia. "Kila siku huanza kwa kuambiwa kuwa sehemu yangu moja ibaki nje." Mamake akaongeza habari ambayo sikuitarajia. Mwalimu wa hisabati wa binti huyo, Mfaransa asiye na dini, hajawahi kuzungumzia mtandio. Siku moja alimsimamisha binti akamuuliza kwa nini hakuandika jina lake kwa masomo yanayoelekea uhandisi. Binti alijibu kuwa hayo si ya watu kama yeye. Mwalimu akamwita mama shuleni, akamfungulia daftari la alama, na akasema kuwa hataki kulisikia neno lile tena darasani kwake. Sheria ya kumvua mtandio haikubadilika. Binti anasoma masomo ya uhandisi.

Rotterdam

Kutoka Paris hadi Rotterdam ni chini ya saa tatu kwa gari la moshi la kasi. Ni mji wa bandari, na mtu wa Mombasa huutambua kwa harufu ya maji, kreni na meli. Meya wake kuanzia mwaka 2009 hadi 2024 alikuwa Ahmed Aboutaleb, mwana wa imamu, aliyezaliwa Morocco na kufika Uholanzi akiwa na miaka 15. Upande wa kusini kuna msikiti wa Essalam wenye minara miwili mirefu. Tangu mwaka 1988 kuna hata shule za msingi za Kiislamu zinazogharimiwa na serikali, kwa kuwa katiba ya Uholanzi tangu 1917 huzipa shule za dini fedha sawa na za umma.

Katika shule ya binti ya kaka yangu, maswali yetu matatu ya simu yote yana majibu mema. Wasichana wengi hujitanda na hakuna anayewasumbua. Chakula watoto huenda nacho kutoka nyumbani. Anayetaka kusali hupata pembe. Lau tungeishia hapo, tungesema alhamdulillahi na kukata simu.

Karatasi ilipotoka, ilisema vmbo. Nieleze kwa ufupi. Sekondari ya Uholanzi ina njia tatu kubwa: vmbo ya miaka 4, inayoelekea mafunzo ya kazi; havo ya miaka 5, inayoelekea vyuo vya taaluma; na vwo ya miaka 6, inayoelekea chuo kikuu. Hakuna aibu katika kazi ya mikono, na nchi yenyewe inawahitaji mafundi. Kuhama kutoka njia moja hadi nyingine kunawezekana, ila kwa miaka ya ziada na kwa taabu. Mwaka 2016 Idara ya Ukaguzi wa Elimu ya nchi hiyo ilionya kuwa watoto wenye uwezo sawa hupewa ushauri tofauti, kutegemea kiwango cha elimu ya wazazi wao.

Tulikwenda watatu: wifi yangu, kaka yangu na mimi. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, aliyetuandalia chai. Hakuwa na chuki, na ni lazima niliseme hilo kwa uadilifu. Alisema mtoto ni mpole, ana adabu, hajibishani, na ni mara chache kunyoosha mkono. Alisema nyumbani Kiholanzi si lugha ya kwanza, na havo humtaka mtoto awe na mtu wa kumsaidia kazi za jioni. "Sitaki aende mahali atakapovunjika moyo," alisema, na niliona kuwa anamaanisha. Adabu ambayo bibi yake Mombasa angeisifu, ya kutomkatiza mkubwa maneno, hapa ilikuwa imehesabiwa kuwa upungufu wa akili au wa ujasiri.

Wifi yangu si mwanamke wa maneno mengi, na Kiholanzi chake hupita kwa kujikwaa. Lakini alikuwa amejitayarisha. Shule za huko huweka rekodi ya majaribio ya kila mtoto tangu madarasa ya chini, na mzazi ana haki ya kuiona. Akaomba ifunguliwe. Hisabati ilikuwa juu kwa miaka mitatu mfululizo, kusoma kulikuwa wastani na kukipanda. Akauliza kwa utulivu: "Mwalimu, ukizifunika sura na jina, ukaziona namba hizi tu, ungeandika nini?" Mwalimu alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema ushauri wa Januari ni wa muda, na kwamba atautazama upya pamoja na matokeo ya mtihani wa Februari. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024, mtihani huo ukionyesha uwezo mkubwa kuliko ushauri, shule hutakiwa kuupandisha, isipokuwa iwe na sababu za maslahi ya mtoto za kutofanya hivyo.

Nilirejea Mombasa kabla ya matokeo. Mwezi wa Machi kaka alipiga simu: mtihani ulitoa kiwango cha havo, na shule ikaandika ushauri wa pamoja wa vmbo na havo, ambao humpa mtoto mwaka wa kuonyesha anakofaa. Si ushindi kamili. Mtoto ataanza sekondari akiwa bado kwenye mizani. Lakini mlango uliokuwa umefungwa na mtu mwenye nia njema sasa uko nusu wazi, na familia imeamua kubaki Rotterdam.

Swali la nne

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha matokeo ya jaribio katika shule moja ya msingi ya California. Waliwaambia walimu kuwa watoto fulani watachanua mwaka huo, ilhali majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, katika madarasa ya chini, watoto hao walikuwa wamewapita wenzao katika majaribio ya akili. Wataalamu wamebishana tangu hapo juu ya ukubwa wa athari hiyo, lakini mama yule wa Barawa, bibi wa Bradford na wifi yangu hawakuhitaji kitabu kuijua.

Kwa mzazi aliye ng'ambo, au anayejiandaa kwenda, naona kuna walimu wa aina tatu wa kupambanua. Yuko asiyejua, asiyefahamu Ramadhani ni nini wala kwa nini mtoto hamtazami machoni. Huyo aelezwe mapema, kabla ya jambo kuharibika, na mara nyingi hushukuru. Yuko aliyefungwa na sheria ya nchi, kama yule wa Creil. Kugombana naye langoni hakubadilishi sheria, na pengine ndiye atakayempigania mtoto katika masomo. Na yuko aliyekwisha kumkadiria mtoto chini, kwa dharau au kwa huruma. Huyo ndiye wa kuendewa na daftari la alama mkononi, kwa adabu na bila kuchoka, kwani madhara yake hayaonekani kwa macho kama mtandio uliovuliwa.

Na sisi tulio nyumbani tusijione tumesalimika. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua hukumu iliyokuwa imewaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu pamoja na sare, na mengi yakasemwa mitaani kwetu. Ni machache yaliyosemwa juu ya binti wa Pwani anayekaa nyuma ya darasa, mpole, asiyenyoosha mkono, ambaye mwalimu wake wa Kiislamu na hata babake wamekwisha kuamua kuwa kidato cha nne kinamtosha. Muhula huu, siku ya wazazi itakapofika, mama aende mwenyewe, aombe rekodi ya miaka mitatu, na amuulize mwalimu anamwona mwanawe akifika wapi. Jibu lolote atakalopata litampa pa kuanzia. Allah awafungulie watoto wetu, walio karibu na walio mbali, na awape walimu wenye macho ya kuwaona.